Mchagulie Kama Unavyojichagulia

Wakazi wenzangu wa Nyamitanga, nanyi mlio ng'ambo ya mto Rwizi huko mjini Mbarara, kiangazi cha Juni na Julai tunakijua. Mchana jua linachoma na vumbi linapanda hadi kwenye kamba za nguo. Usiku mbingu haina wingu, na ikifika alfajiri kila mtu anatafuta cha kujifunika. Tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ikweta kuwa karibu hakutusaidii sana saa kumi na moja alfajiri. Lakini sisi tuna milango inayofunga, na masweta mawili matatu kabatini. Nina ombi kuhusu moja kati ya hayo.

Wilaya jirani ya Isingiro ndiko iliko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Mji wa Bunagana, mpakani upande wa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Juni 2022, maelfu walivukia Kisoro, wakapokelewa kwenye kituo cha Nyakabande, na wengi wao wakaletwa Nakivale. Mji wa Goma nao ukaanguka mikononi mwa waasi haohao Januari 2025. Mtu anayekimbia risasi hafungui kabati. Mama anafika na mtoto mgongoni, kitenge kimoja kiunoni, kingine ndicho mbeleko, na kandambili miguuni. Mapokezini anapewa blanketi, mkeka, sufuria, dumu la maji, sabuni. Ni vitu vya maana, wala sivibezi. Ila blanketi ni la kulalia, na foleni ya maji inaanza kabla jua halijatoka. Wapo wanaokwenda bombani wamejitanda blanketi hilohilo walilolalia.

Ninachoomba ni sweta la kike la fliisi, lile laini lenye manyoya mafupi, ambalo kwenye belo la mitumba huwa halikosekani. Kitambaa hiki kilizaliwa Marekani, katika kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni poliesta, yaani plastiki iliyosokotwa kuwa nyuzi kisha ikachanwa mpaka ikatoa manyoya. Manyoya hayo hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mwili. Tangu mwaka 1993 kuna fliisi inayotengenezwa kwa chupa kuukuu za plastiki. Kwa mama wa Nakivale faida ni ya wazi zaidi: sweta hili halinywi maji mengi, likifuliwa asubuhi jioni limekauka, na halitaki pasi. Pale ambapo maji yanabebwa kwa dumu na makaa ni ya kupikia tu, hayo si mambo madogo.

Sasa basi, tuchague. Sokoni hakuna asiyejua kuchagua: tunapindua, tunanusa, tunavuta mkono wa nguo kuona kama unarudi. Fanya vivyo hivyo na sweta utakalolitoa. Liinue mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya kwenye viwiko, limechoka, libakishe nyumbani likawe tambara. Likiwa limejaa vidonge vya manyoya kifuani, joto lake limepungua. Shingo iwe pana au iwe na zipu ya kushuka hadi kifuani, maana anayenyonyesha hawezi kuvua sweta zima kila mtoto akilia, na mwenye kilemba au hijabu hataki kulipitisha kichwani kwa kupigana nalo. Ukubwa usiwe wa kubana. Litavaliwa juu ya gauni au dera, na chini litakutana na fundo la kitenge. Rangi nyeupe tuwaachie wasioishi na vumbi. Na zipu, tafadhali, ijaribu mara mbili.

Jambo moja la hatari lazima nilitaje. Fliisi haiungui kama pamba. Inayeyuka, na ikiyeyuka inanata kwenye ngozi. Cheche moja ya kuni inatosha kuitoboa. Kwa hiyo asiwepo wa kugawa bila kusema: ukiinama kuchochea jiko, vua kwanza, na mtoto aliyevaa fliisi asicheze kando ya mafiga.

Najua kuna watakaouliza habari ya mitumba yenyewe. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza kwamba anataka kuipiga marufuku, akisema ni nguo za Wazungu waliokufa na zinaua viwanda vyetu vya nguo. Hoja ya viwanda ina uzito, na ningependa kuona sweta zuri lililoshonwa Uganda. Ila aliyefika jana hana muda wa kusubiri kiwanda.

Asiye na sweta la kutoa, na aende Base Camp, hukohuko Nakivale, akanunue kwa wakimbizi wenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na wapo akina mama wanaoishi kwa biashara ndogo ya nguo. Ukimnunulia mgeni sweta kwa mwenyeji wake wa kambini, shilingi yako inasaidia nyumba mbili. Mimi naona hii ndiyo njia bora kuliko zote.

Na tukifika na mizigo yetu, tusiwasukumie mikononi. Tutandaze turubai, tupange masweta, akina mama wachague wenyewe: huyu apende la zambarau, yule alikatae. Ana haki ya kulikataa. Simu za kupiga picha zibaki mfukoni.

Wazee wa jumuiya ndogondogo za Kanisa Kuu hapa Nyamitanga, maimamu, wenyeviti wa LC1, tangazeni kuanzia sasa, na mzungumze mapema na ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi huko makazini ili ugawaji uwe na utaratibu. Wewe msomaji, fungua kabati leo jioni. Toa moja ambalo ungelivaa mwenyewe kwenda kumsalimia shangazi. Lifue, likunje, lipeleke kwa kiongozi wako. Mwezi Mei ukiisha, yawe yameshafika.