Deni Letu kwa Mbwa Mzazi

Mbwa jike akizaa watoto saba, na baada ya juma moja wakabaki wanne, watu wa nyumbani hawashangai. Mmoja husema, "Walikuwa dhaifu." Mwingine husema, "Ndivyo walivyo mbwa. Huzaa wengi ili wachache wapone." Kisha wale watatu hutupwa jalalani, na habari yao huishia hapo. Mimi sikubaliani na maneno hayo, wala sipendi ninyi mnaosoma kitabu hiki mkue mkiyaamini. Watoto wengi wafao namna hii wangaliweza kupona. Mara nyingi kilichowaua si udhaifu wao, bali ni baridi ya mahali tulipowaacha walale.

Kwanza yafaa tujue jinsi mtoto wa mbwa azaliwavyo. Mama yake huchukua mimba muda wa siku 63 au karibu yake. Mtoto atokapo, macho yake yamefumba na masikio yake yameziba. Macho hufumbuka baada ya siku 10 hata 14, na masikio hufuata. Kusimama hawezi. Tena liko jambo moja lisiloonekana kwa nje, nalo ndilo kubwa kuliko yote: hawezi kutetemeka. Sisi tukipatwa na baridi mwili hutetemeka, na kule kutetemeka hutuletea joto. Mtoto wa mbwa katika juma lake la kwanza hana uwezo huo. Joto lake karibu lote ni la kuazima. Hulipata katika tumbo la mama yake na katika miili ya ndugu zake. Mbwa mzima ana joto la digrii 38 na zaidi. Mtoto wa siku chache ana digrii 35 hata 37, na likishuka chini ya 34 matumbo yake huacha kufanya kazi. Hapo hana nguvu ya kunyonya. Na hata akimiminiwa maziwa kinywani, hukaa tumboni bila kuyeyushwa, au huingia mapafuni yakamwua.

Neno hili nataka mlishike sana, maana wanaolikosa ni watu wenye huruma. Wakiona mtoto amelegea na kulia lia, hukimbia kuleta maziwa. Maziwa si dawa ya baridi. Joto kwanza, maziwa baadaye. Mweke kifuani, ndani ya shati lako, au mlaze karibu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Usimweke karibu na jiko, wala usifanye haraka, kwa kuwa joto la ghafula nalo hudhuru. Pengine itapita saa moja, pengine mbili au tatu. Atakapoanza kutafuta chuchu kwa pua yake, mrudishe kwa mama.

Wako watakaonijibu, "Mbona mbwa wa porini huzaa bila chupa za maji ya moto?" Swali hili ni zuri. Basi mtazameni mbwa mwitu, yule aishiye katika nyika za Ruaha, nchini Tanzania. Jike lake hazai mvuani. Hutafuta shimo, mara nyingi lile lililochimbwa na muhanga, akaingia ndani ya ardhi, mahali pasipo upepo, ambapo joto la mchana na la usiku halipitani sana. Tena katika siku zile za kwanza haendi kuwinda. Wenzake huenda, na warudipo humtapikia nyama pale mlangoni, ili asiwaache watoto. Wengine hufa hata hivyo, maana pori lina simba na fisi. Lakini hawafi kwa sababu mama yao alikwenda kutafuta makombo.

Wetu je? Wazee wa kale walimtoa mbwa porini, maelfu ya miaka iliyopita, wakamwambia, Linda mbuzi wetu, fukuza nyani shambani, bweka mwizi ajapo. Amefanya yote. Lakini siku ya kuzaa twamwacha azae chini ya ghala au juu ya saruji penye ukuta, mvua ikimpiga ubavu mmoja. Na chakula chake ni ukoko wa ugali, kama umebaki. Asiposhiba huondoka kwenda jalalani, na kila dakika awapo mbali watoto hupoa. Kisha twasema, Walikuwa dhaifu! Mtu aliyemtoa mwenziwe katika nyumba yake hana budi kumpa nyingine.

Najua wako pia wasemao ni heri wanyonge wafe, ili kizazi kibaki na nguvu. Neno hilo lina ukweli kidogo. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, maziwa yakimtoka puani kila anyonyapo, si mwema anayemchelewesha katika mateso. Lakini baridi haichagui hivyo. Humchukua yule aliyebingirika mbali na tumbo la mama usiku, naye pengine ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote. Katika nchi ya Norway, ambako majira ya baridi ni makali kuliko ya Njombe au Limuru, walihesabiwa watoto wa mbwa zaidi ya 58,000 waliozaliwa mwaka 2006 na 2007. Waliozaliwa wafu pamoja na waliokufa katika juma la kwanza walikuwa kama 8 katika kila 100. Basi mtu anayepoteza watatu katika saba asiseme kwamba ndivyo mbwa walivyo.

Nyumba ya mbwa mzazi si kazi kubwa. Sanduku la mbao lenye upana wa kumtosha mama kujinyosha, lililoinuliwa juu ya mawe, lenye paa na majani makavu ndani, latosha. Ndani yake pigilieni fito kuzunguka kuta, kimo cha shubiri moja kutoka sakafuni, ili mama alalapo asimbane mtoto ukutani akamziba pumzi. Mwonyesheni sanduku hilo majuma mawili kabla ya kuzaa, la sivyo atakwenda kuzaa anakotaka yeye. Penye siafu, zungushieni majivu na kutazama kila usiku. Siafu wakiingia, watoto wasioweza kukimbia hawaponi.

Siku ya kuzaa, hakikisheni kila mtoto ananyonya mapema, maana yale maziwa ya kwanza, yaitwayo dang'a, ndiyo yenye kinga ya maradhi, na mwili wa mtoto huipokea kwa muda wa siku moja tu. Baada ya hapo mlango hufungwa. Mtoto akikosa mama kabisa, jueni kwamba maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno; ya mbwa yana mafuta mara mbili na zaidi. Na jike akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila mtoto kutoka, aitwe mganga wa wanyama, wala mtu asivute.

Mwenye mizani ndogo na awapime kila siku. Mtoto mzima wa afya huwa mara mbili ya uzito wake wa kuzaliwa afikapo siku ya kumi au kabla yake; asiyeongezeka siku mbili ana shida, hata kama halii. Ili kuwatambua, watu wengine huwafunga uzi shingoni. Sipendi desturi hiyo: mtoto hukua upesi, na uzi haukui. Kata manyoya kidogo, huyu begani, yule kiunoni.

Wakipona baridi, minyoo huwangojea. Wengine huipata tumboni mwa mama kabla hawajazaliwa, wengine katika maziwa yake. Ndiyo sababu twaona watoto wa majuma matatu wenye matumbo makubwa na ufizi mweupe. Wapewe dawa wafikapo majuma mawili, kisha kila baada ya majuma mawili hata watimize manane. Viroboto watolewe kwa kitana na kwa kuchoma majani ya kulalia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isiwaguse kamwe.

Asiyeweza haya asimwache jike wake apate mimba. Wataalamu wa mifugo wanajua kumfunga uzazi. Lakini wengi wenu mwaweza. Sanduku, majani, chupa ya maji ya moto, uji wenye dagaa kwa mama mara tatu kwa siku: vyote viko nyumbani. Dawa ya minyoo peke yake ndiyo inunuliwayo.