Pengo la Kuchimba Wenyewe

Miezi michache iliyopita nililetewa mswada kuhusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Tamko la tatizo lilifungwa kwa sentensi ambayo kila mtahini anaijua kwa ghibu: tafiti zilizofanywa ni chache, kwa hiyo pana pengo ambalo utafiti huu unakusudia kuliziba. Nikamwandikia mwandishi kumuuliza alikotafuta. Alinijibu kwa adabu kwamba rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kitabu cha Mlama na Matteru cha 1978 na ripoti ya Criper na Dodd ya 1984, ila msimamizi wake alivikata vyote viwili kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni neno moja: "Zamani." Chuoni kwao marejeo hayaruhusiwi kuzidi miaka kumi.

Jibu hilo limenikera hadi leo, na ndilo lililozaa toleo hili la mapitio ya kazi tangulizi na tamko la tatizo.

Kanuni ya miaka kumi ina mahali pake. Daktari anayetibu malaria kwa mwongozo uliopitwa na wakati anaweza kuua mtu. Lakini kanuni hiyo ikihamishiwa kwenye isimu, fasihi na elimu bila kuulizwa, inamkata mwanafunzi na waliomtangulia. Anayeandika historia ya Kiswahili bila kuwasoma Nurse na Hinnebusch wa 1993 hajaanza kazi. Anayeandika kuhusu mshairi Muyaka bila Abdulaziz wa 1979 ataishia kurudia yaliyokwisha kusemwa, tena kwa udhaifu zaidi. Pengo la namna hiyo tumelichimba wenyewe, kisha tunamtunuku mtu shahada kwa kulifukia.

Tazama kilichopotea katika mswada ule. Mlama na Matteru walieleza mapema haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Tume ya Makweta, mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kisha wakaja Criper na Dodd, wakakuta kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuatia masomo, na bado wakapendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia, kwa sharti kwamba ufundishaji wake uimarishwe. Ripoti ni moja, lakini matokeo yake yanavuta huku na mapendekezo yanavuta kule. Mpitiaji anayeandika tu kwamba "Criper na Dodd (1984) walichunguza hali ya Kiingereza nchini Tanzania" amelipita jambo zito kuliko yote yaliyomo ndani ya ripoti hiyo. Baadaye wakaja Roy-Campbell na Qorro mwaka 1997, mradi wa LOITASA kuhusu lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini kuanzia 2002, na Sera ya Elimu ya 2014 iliyozitaja lugha zote mbili.

Anayezisoma kazi hizi kwa mfuatano hawezi kuandika kwamba tafiti ni chache. Swali jingine litamkabili: ushahidi wa zaidi ya miaka arobaini umekwama wapi kati ya meza ya mtafiti na meza ya mwamuzi? Hilo ni tatizo la utafiti. Linauma, lina wahusika, lina nyaraka za kufuatilia, na mwanafunzi wa uzamili mwenye bidii analiweza.

Mapitio ya mswada ule yalikuwa na kazi kumi na nne, kila moja na aya yake, na karibu kila aya iliishia vilevile: kazi hii itatufaa, lakini inatofautiana na yetu kwa kuwa mtafiti alikwenda Morogoro nasi tunakwenda Mbeya. Morogoro na Mbeya ni mikoa tofauti, hilo halina ubishi. Kinachotakiwa ni kutuambia kuna nini Mbeya kinachotufanya tutarajie jibu tofauti. Asipotuambia, hana tatizo la utafiti, ana safari.

John Swales, mwaka 1990, alionyesha kwamba mwandishi wa makala ya kitaaluma anaweza kujitafutia nafasi kwa njia nne: kupinga dai lililopo, kuonyesha pengo, kuuliza swali, au kuendeleza kazi iliyoanzwa. Sisi tumeshikilia moja. Ni lini mara ya mwisho umesoma tasnifu ya Kiswahili iliyofungua kwa kusema wazi kwamba fulani amekosea, na hizi hapa sababu?

Makala ya kwanza katika toleo hili inatetea fomu ya alama kwa watahini, kwa kufuata vigezo 12 vya Boote na Beile vya mwaka 2005. Sina ugomvi na fomu. Ila naomba wasomaji wakitazame kigezo chake cha kwanza: mwandishi aeleze kwa nini kazi fulani ameiingiza na nyingine ameiacha. "Chuo kimekataza" si maelezo. Makala ya pili inalinganisha istilahi tunazotumia kwa tamko la tatizo. Ya tatu inaonya juu ya marejeo yanayobuniwa na programu za akili mnemba, nami naiunga mkono kikamilifu.

Siwalaumu wanafunzi. Tasnifu nyingi tunazozihitaji zimelala rafuni nakala mojamoja, na anayesoma mbali hana nauli ya kuzifuata. Mzigo huu ni wa wasimamizi na wahariri, na mimi nimo: nimewahi kuipitisha sentensi ile ya pengo bila kuihoji, kwa sababu masikio yalishaizoea.

Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote inayodai kuwapo kwa pengo ije na aya moja inayoeleza mwandishi alitafuta wapi: maktaba zipi, majarida yapi, kwa lugha zipi, na alirudi nyuma hadi mwaka gani. Makala isiyo na aya hiyo itarudishwa kwa mwenyewe kabla ya kupelekwa kwa wapitiaji.