Maoni: Fundi, nunua kwanza kile unachoweza kubeba

Kambi za kando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, jamaa nyingi zilirudi tena njiani, kuelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Kati yao kulikuwa na mafundi wa nguo, mama wanaosuka nywele, vijana wa kupiga picha. Juu ya yale malori na pikipiki kuna biashara zilizopanda, na kuna zingine zilizobaki chini. Neno langu, ndugu wasikilizaji, ni hili: kwetu hapa, biashara ndogo ya mikono ijengwe kwa vitu vichache ambavyo mwenyewe anaweza kuvibeba, na ifanye kazi chache lakini vizuri.

Najua neno hili linaweza kuuma. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na mbuzi zake hana haja ya mtu wa redio kumfundisha kuishi na vichache. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaotoa vitu nyumbani ili wapate nafasi ya kupumua. Wao wanavyo vya kutoa. Kwetu, vichache vililetwa na vita. Sisemi umaskini ni mzuri, wala simpi yeyote anayegawa msaada sababu ya kupunguza fungu la watu. Naongea juu ya ile pesa ndogo ambayo siku moja inafika mkononi, iwe ya AVEC, ya msaada ao ya ndugu aliye mbali: iende wapi kwanza?

Mara nyingi inaenda hivi. Kijana anamaliza mafunzo ya ushonaji, anapewa mashine na mkasi. Kesho yake anatafuta chumba kando ya barabara kubwa. Mwenye nyumba anadai garanti ya miezi kadhaa. Kinachobaki kinanunua vitenge vya kutundika ukutani, kibao cha rangi na jenereta ndogo. Mteja wa kwanza hajaingia, pesa imekwisha. Kibao kinapendeza, sikatai. Wachoraji wa vibao wa mji huu wanaijua kazi yao. Lakini hakishoni nguo.

Sasa tazama mashine ya zamani, ile ya miguu. Watu wanaiona ni mzigo usioweza kukimbia nao. Fundi anajua kwamba kichwa chake kinashikwa na meza kwa skrubu mbili, na mkanda unatolewa kwa mkono. Kichwa kinaingia ndani ya gunia pamoja na mkasi, futi, bobini na sindano. Ni kizito, ndiyo, lakini mtu mzima anakibeba. Kule mnakofika, seremala anapiga kibao cha kukikalisha, unafunga mkono wa kuzungushia, unashona. Polepole, lakini unashona, na umeme haukuhusu. Mwenye mashine inayotaka umeme atasubiri.

Na ashone nini? Mimi ningeanza na yunifomu ya shule. Shati jeupe na suruali ao sketi ya bluu: rangi mbili za kitambaa, rangi mbili za uzi. Tena ni ileile ukiwa Rutshuru, Goma ao Beni, kwa hiyo aliyehama halazimiki kujifunza upya watu wa huko wanapenda nini. Daftari lenye vipimo vya watoto wa kila umri linakaa mfukoni. Mwezi wa nane na wa tisa kazi inajaa; baadaye ni kubadilisha zipu, kukunja pindo na kupunguza nguo za mitumba.

Kuna watakaouliza: ubunifu uko wapi hapo? Uko kwenye nguo za sherehe. Mama anayejua modeli tatu za kitenge hadi zikamkaa mwilini mteja bila kuvuta begani, huyo atatafutwa hata akihamia kartie ingine. Kitenge mteja anakuja nacho mwenyewe, yadi sita ao tatu. Fundi anaomba avansi ya kununua uzi na zipu, basi. Vipande vinavyobaki, mteja akikubali, vinakuwa kilemba cha mtoto ao kifuko. Picha za kazi zilizokwisha zinakaa ndani ya simu, hazihitaji ukuta.

Wenye kupinga wana hoja moja ambayo naiheshimu. Wanasema: benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, na dola ikipasuka kidogo tu inakataliwa sokoni, kwa hiyo afadhali pesa ilale ndani ya vitenge. Ni kweli kitenge kinashika thamani. Basi kinunue kama akiba, kiwe kimoja ao viwili, kikae ndani ya sanduku nyumbani. Ukijaza butiki, siku milango inavunjwa wewe ndiye unayehesabu hasara.

Linalonisumbua zaidi ni mashine ya sirfile. Bila hiyo nguo inachanuka nyuzi, lakini kila fundi kununua yake ni pesa iliyolala. Fundi anaweza kupeleka nguo kwa jirani aliye nayo na kumlipa kwa kila nguo. Ao mafundi wanne wa AVEC moja wanaweza kuinunua pamoja. Hapo ndipo ugomvi unazaliwa: tukikimbia, nani anaibeba? Akienda upande wa Sake na wengine upande wa Minova, ni ya nani? Mambo haya yaandikwe kwenye daftari la kundi siku ileile ya kununua, jina la atakayeibeba, na kiasi atakachowarudishia wenzake kama njia zimeachana, kila mmoja akitia sahihi ao kidole.

Na ninyi mnaogawa mashine baada ya mafunzo, kabla ya kwenda depo mumuulize yule mama anayepewa: hii utaibebaje?