"Imeharibika" Si Bei

Wasee wa Thika na Ruiru, tuongee kuhusu chupa za zamani. Zile nzito, zenye herufi zilizoinuka kwenye kioo. Huku kwetu kulikuwa na mashamba ya kahawa ya walowezi, na reli ilifika Thika mwaka 1913, kwa hivyo si ajabu kupata moja shambani au kwa stoo ya shosho. Shida ni mnunuzi wa kwanza. Anaigeuza mara moja, anasema "hii imeharibika," halafu anataka kuichukua kwa bei ya kilo.

Usikubali haraka. Muulize: imeharibika wapi?

Kupima unajua tayari. Mwenye duka hupitisha kidole kwa mdomo wa chupa ya soda kabla akurudishie pesa yako. Fanya hivyo. Mdomo ukiwa umemeguka, tusidanganyane, bei inashuka. Ufa ni mbaya zaidi, kwa sababu hauponi na unaweza kuendelea. Inua chupa kwa mwanga, izungushe polepole, utauona ukimetameta. Weupe kama ukungu ni kesi tofauti. Mara nyingine ni uchafu tu, maji na sabuni vinautoa. Mara nyingine udongo umekula kioo chenyewe, na hapo bei inaguswa. Lakini mapovu ndani ya kioo? Hayo yalitokea chupa ikitengenezwa. Mtu akikupunguzia kwa sababu ya mapovu, anakucheza.

Pia angalia uhaba. Miaka ya 1870 Mwingereza Hiram Codd alibuni chupa ya soda inayozibwa na gololi ndani ya shingo. Watoto walizivunja wapate hiyo bano, ndiyo maana nzima si nyingi. Chupa adimu yenye kovu dogo bado ni mali. Chupa ya kawaida iliyomeguka, hapo usijipe presha.

Na sisi wauzaji tuache ujanja. Kujaza ufa na gundi kisha kupiga picha upande mzuri pekee ni wizi. Mnunuzi akigundua, hatamwamini tena yeyote anayeuza kutoka huku. Piga picha ya kovu kwanza, weka rula kando. Na usisugue chupa na waya wa sufuria, utaongeza mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani.

Msimamo wangu ni huu: punguza bei kwa kilichovunjika tu. Kilichobaki kizima, kilipwe. Wewe unaonaje?