Saa za Ziada si Sadaka

Mwananchi akipita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, akaliona jengo la Maktaba Kuu alilolifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967, huona nyumba ya vitabu. Hamwoni mtu anayebaki nyuma kuvirudisha rafuni, kuhesabu vilivyoazimwa na kufunga madirisha wasomaji wakishakwenda zao.

Mtumishi wa maktaba ya Serikali akikaa kazini kupita saa zake, alipwe nini? Wapo wakubwa wanaojibu kwa soda na neno "ahsante". Sheria haikutaja soda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo inawahusu watumishi wa Serikali pia, imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma. Zinazozidi ni za ziada: hufanywa kwa mapatano, zisipite 50 katika majuma manne, na kila moja hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Sikukuu ni mara mbili.

Ndugu, na tupige hesabu. Mwenye mshahara wa Sh. 585,000 kwa mwezi, afanyaye saa 45 kwa juma, agawe kwa 4.333, kisha kwa 45. Atapata kama Sh. 3,000 kwa saa. Saa yake ya ziada basi ni Sh. 4,500. Ikiwa ni baada ya saa mbili usiku, huongezwa asilimia 5, yaani Sh. 225. Huo si utajiri. Ni nauli na unga, na ni mali yake.

Tusifichane: wapo wanaopiga soga mchana kutwa ili kazi ilale mpaka jioni, kisha wadai malipo. Hao hatuwatetei, maana ndio wanaowapa wakubwa kisingizio cha kuwanyima wenzao.

Lakini lile neno "mapatano" wengi hulipita. Pasipo mapatano, mkubwa hana ruhusa ya kumwamuru mtu abaki. Kwa hiyo watumishi wa kila tawi, wakiwa na chama chao cha wafanyakazi, wayadai kwa maandishi, na daftari la saa litiwe sahihi kila siku. Ikisemwa kwamba fungu la fedha halipo, basi mlango ufungwe kwa saa iliyoandikwa, na mwanafunzi atakayeukuta umefungwa akamwulize mkubwa, si karani.