Ki- Si Ukoo

Hivi karibuni, katika baraza letu la washairi hapa Songea, mwenzetu mmoja alisimama akadai kuwa Kiswahili cha sayansi ni "ki-ki-ki" tu: kimelea, kimeng'enya, kimiminika, kimondo, kimulimuli. Maneno yote, alisema, yanaanza sawa, yanachosha sikio, na mwanafunzi hawezi kuyatofautisha. Wengi walicheka. Mimi sikucheka, na leo natoa sababu.

Kosa lake ni kulipima neno kwa herufi zake za mwanzo, kama mtu anayewahesabu wote waliovaa kanzu kuwa ndugu. Ki- ni vazi. Chini yake kuna kitenzi, na kitenzi ndicho kisemacho. Kimelea ni kile kimeleacho, yaani kiotacho juu ya kingine. Mkulima wa mahindi anayekijua kiduha, gugu lile linalojishika kwenye mizizi na kuinyonya, ameielewa dhana hiyo kabla hajafungua daftari. Kimeng'enya humeng'enya, kimo hata katika mate yetu, kikiuvunjavunja wanga wa ugali. Kimiminika ndicho kimiminikacho. Maneno haya hayamtaki mtoto akariri, yanamtaka asikilize.

Nakiri, si kila ki- ni vazi. Kima, yule mnyama wa mitini, hana kiambishi: hatusemi "vima wale", twasema kima wale. Kima cha chini cha mshahara ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kiarabu. Kimondo nacho hakimfunulii msikilizaji kitenzi chake. Huyo aelekezwe Mbozi, ambako bonge la chuma la tani zipatazo 16, lililoanguka kutoka angani, limelala hadi leo.

Lakini nanyi wapenzi wa lugha hamkosi lawama, nami nimo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990. Tangu hapo tumeyatamba maneno yake majukwaani kwa ajili ya mlio wake, tusiyafumbue. Mtoto wa shule ya msingi hukabidhiwa orodha, akifika sekondari hubadilishiwa orodha kwa Kiingereza, kote anakariri.

Binti wa jirani yangu, wa kidato cha pili, alinitolea fasili ya enzaimu kwa Kiingereza bila kukosea hata neno. Nikamwomba anieleze kwa maneno yake, akashindwa. Nilipomtajia kimeng'enya, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kinameng'enya nini, babu?" Swali hilo ndilo mwanzo wa sayansi, na hakulipata katika fasili. Alilipata katika kitenzi.

Anayetaka udugu wa kweli kati ya maneno haya, na atazame nje usiku. Mwanga wa kimulimuli huwaka kwa kazi ya kimeng'enya kilicho tumboni mwake. Maneno hayo mawili ni jamaa, lakini ujamaa wao haumo katika kim-, umo katika mdudu mwenyewe. Basi mwenzangu wa barazani, pokea jibu langu:

Neno si herufi zake, hizo ni vazi mwilini,
Utafute shina lake, maana i mizizini,
Mwana asighafilike, akakariri gizani,
Kimulimuli awake, amwangaze darasani.