Historia ya Uchumi na Jamii Isiachwe Yatima Vyuoni

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, wazazi huketi na wana wao kuchagua kozi za chuo kikuu. Swali la kwanza huwa moja: kozi hii italeta kazi gani? Hatuwalaumu. Karo si haba, na mwana aliyesomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa hutarajiwa kumrejesha zizini. Lakini katika hesabu hiyo historia ya uchumi na jamii hutupwa nje mapema, kabla hata ya kuulizwa ni somo la namna gani. Watu husikia neno historia wakadhani ni orodha ya magavana na tarehe za mikataba.

Natuchukue mfano ambao kila mwanafunzi wa sekondari anaujua. Mwaka wa 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya vibanda. Mwaka huo huo reli iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Shuleni mambo hayo mawili huandikwa daftarini, yakakaririwa, yakaisha. Chuoni ndipo maswali yaanzapo. Mbona kodi ilihesabiwa kwa kibanda wala si kwa mtu? Aliyekuwa na wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alidaiwa mara tatu. Alizipata wapi fedha? Baadhi ya watu waliuza nafaka na mifugo. Wengine waliondoka kwenda kufanya kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi. Walipoondoka, nani aliyashika majembe yao? Mapato ya kodi yameandikwa katika ripoti za serikali. Jasho la mwanamke aliyebaki nyumbani halina safu yake humo.

Kuitafuta safu hiyo iliyokosekana ndiyo kazi ya somo hili. Mwanafunzi hulazimika kusoma takwimu na kuzitilia shaka, kisha akamwendee mzee na kumsikiliza, naye pia ayapime asemayo. Bethwell Ogot na Gideon Were walionyesha, katika vitabu vyao vya mwaka wa 1967 kuhusu Waluo na Waluhya, kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kujenga historia iliyo thabiti. Tabitha Kanogo aliandika juu ya maskwota wa Bonde la Ufa na chimbuko la Mau Mau katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1987, na baada ya kukisoma ni vigumu kuendelea kusema kwamba vita vile vilizuka ghafla.

Lugha yetu yenyewe ni ghala la historia hii. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, hata mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Kipande nacho kilitokana na sheria ya mwaka wa 1915. Mwanamume Mwafrika alikitembeza shingoni, na ndani yake mlikuwa na alama za vidole na mshahara aliolipwa na bwana wa awali. Bwana mpya alikisoma akajua asizidishe. Vibarua wa bandari ya Mombasa walikuwa miongoni mwa waliogoma Januari 1947, na mgomo ule hauelekei kueleweka na mtu asiyejua bei ya chakula na kodi ya chumba mjini wakati huo.

Wasemao kwamba somo hili halina ajira wajibiwe kwa jambo lililo mezani sasa. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria zihusuzo ardhi. Uchunguzi huo utafanywa na nani? Wakili anaijua sheria na mpimaji anajua mipaka. Lakini anahitajika pia mtu awezaye kulifungua faili la ofisa wa wilaya, akatambua lililofichwa, na kulilinganisha na ushuhuda wa bibi wa miaka tisini. Bibi huyo hatasubiri vyuo vimalize mikutano.

Lawama nyingine, na hii ni nzito zaidi, tunaielekeza vyuoni. Somo hili limekuwa mwana wa nyumba mbili asiyepikiwa katika hata moja: idara ya uchumi husema ni historia, idara ya historia husema lina hesabu nyingi mno. Na panapofundishwa, mara nyingi mhadhiri husoma noti, wanafunzi wakaandika, mtihani ukazirudisha. Jumba la Nyaraka za Taifa liko Moi Avenue, mwendo mfupi kwa miguu kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini yuko mwanafunzi anayehitimu bila kuvuka kizingiti chake.

Tungependa kila mwanafunzi wa somo hili apelekwe huko katika mwaka wake wa kwanza, afundishwe takwimu na mhadhiri wa takwimu, na kabla ya kuhitimu akusanye masimulizi ya kijijini kwao kwa lugha ya wenyewe. Masimulizi hayo yasiozee katika kabati la mhadhiri. Nakala moja ihifadhiwe maktabani, nyingine ipelekwe katika shule ya sekondari iliyo karibu na kijiji hicho, ili mwalimu wa historia afundishapo kodi ya vibanda aweze kuwataja waliolipa.